Dharura ni Nini, na Gari Limbebe Nani?

Maneno ya Kamati ya Afya kwenye harambee ya mwaka ya wana-Olasiti

Tumepewa dakika ishirini kabla ya chakula. Tunajua kwamba nyama ikishaanza kunukia hakuna hotuba inayosikilizwa, kwa hiyo hatutazunguka.

Tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita mjumbe mmoja wa kamati hii, ambaye wengi wenu mnamjua na ambaye ametupa ruhusa ya kulisema, alimpeleka mjukuu wake kwenye chumba cha dharura cha hospitali kubwa ya mjini saa saba ya usiku. Mtoto alikuwa na mafua. Pua imeziba, analia, hataki kulala. Alikuwa ananyonya vizuri, hakuwa na homa ya kutisha, hakuwa anahema kwa shida. Lakini usiku una namna yake ya kukuza mambo, na bibi wa mtoto alikuwa ameshaanza kulia. Mjumbe wetu akamgongea jirani mwenye gari, gari pekee lililokuwa zima pale mtaani usiku ule, wakashika barabara ya mjini. Walikaa kwenye benchi hadi alfajiri. Daktari alipomfikia mtoto alimpima, akatabasamu, akasema wamsafishe pua kwa maji ya chumvi na wamnyonyeshe mara kwa mara.

Saa tisa ya usiku huohuo, mama mjamzito wa nyumba ya tano kutoka pale alianza kutoka damu. Mume wake alikimbia kwenye nyumba ileile yenye gari, akagonga, akaambiwa gari limempeleka mgonjwa mjini. Bodaboda ilikuwepo, lakini nani atampakia mama wa miezi minane anayevuja damu kwenye bodaboda, gizani, katika barabara zetu za ndani mnazozijua? Ilipatikana pikapu ya mboga saa kumi na moja, ikienda soko la Kilombero. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hatusemi mafua ya mjukuu ndiyo yaliyomuua mtoto yule. Familia ilielezwa kwamba kondo la nyuma lilikuwa limebanduka kabla ya wakati, na kwa hali ile huenda hata gari lingefika mapema mambo yangekuwa yaleyale. Hakuna anayeweza kutuambia. Lakini mjumbe wetu tangu siku ile hajapita mbele ya nyumba ile bila kuinamisha kichwa, na ndiye aliyesema kwenye kikao: tulizungumze hili hadharani, na tulizungumze siku watu wamejaa.

Hebu kwanza tuelewane chumba cha dharura ni kitu gani, maana ni kitu kipya kuliko tunavyodhani. Wengi tuliokua miaka ya sabini na themanini tulizoea mapokezi. Unafika, unaandikishwa, unakaa foleni. Mwenye kikohozi na aliyekatwa na panga wako benchi moja, na daktari wa zamu ni huyohuyo anayeitwa wodini. Idara kamili ya tiba ya dharura katika hospitali ya umma ilianza Muhimbili mwaka 2010, na mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo hapa nchini yakaanza wakati huo. Fani yenyewe, kwetu, haijafikisha miaka ishirini. Baada ya UVIKO-19, kwa fedha za mkopo wa mwaka 2021/22, Serikali ikajenga idara za namna hiyo katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Kwa hiyo majengo yapo, na vifaa vipo kuliko zamani. Watu waliosomea kazi ile ndio bado wachache, na ndio tunaowachosha.

Mlangoni pa idara hiyo anakaa muuguzi, na huyo ndiye anayegombana na watu wetu. Mtu wa Olasiti amefika saa mbili, anamwona aliyefika saa tatu anaingizwa kabla yake, basi anasimama na kuanza kuuliza kama kuna undugu hapa. Jamani, hakuna undugu. Muuguzi yule hapangi watu kwa aliyetangulia. Anahesabu pumzi, anahesabu mapigo ya moyo, anapima presha na joto, anatazama kama mgonjwa anatembea mwenyewe na kama anaitika akiitwa. Kisha anampa rangi. Mwekundu anaingia papo hapo. Wa rangi ya chungwa asisubiri zaidi ya dakika 10. Wa njano aonwe ndani ya dakika 60. Wa kijani anaweza kukaa hadi dakika 240, na hapo hakuna aliyemwonea. Utaratibu huo wa rangi, unaotumika katika nchi nyingi za Afrika, ulianza kutungwa Cape Town mwaka 2004, na ulitungwa hasa kwa ajili ya hospitali zenye wagonjwa wengi na wahudumu wachache kama zetu.

Kwa hiyo ukikaa pale muda mrefu na kila mtu anakupita, usikasirike. Umeshapimwa, ukaonekana hutakufa leo. Sisi tunaona hiyo ni habari njema, ingawa tunakubali haipendezi saa tisa ya usiku ukiwa na baridi ya Arusha ya mwezi wa saba.

Mtu atasema: basi kama wa kijani anasubiri, anamdhuru nani? Aende tu, akae. Hili ndilo jambo ambalo sisi wenyewe tulichelewa kulielewa. Anayempa huyo wa kijani rangi yake ni muuguzi yuleyule mmoja. Akiwa anampima mtu wa kumi mwenye mafua, yule wa kumi na moja ambaye midomo inaanza kuwa ya bluu amesimama nyuma yake hajaonwa. Jalada lazima liandikwe, damu ipelekwe maabara, daktari aje. Halafu mtoto mwenye mafua amekaa saa tano karibu na mtoto mwenye surua. Na nyuma yetu, huku nyumbani, gari halipo.

Sisi wa Olasiti hatuhitaji kufundishwa dharura ni nini. Jumapili ya Mei 5, 2013, wakati wa uzinduzi wa Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi hapa kwetu, Balozi wa Papa akiwepo, bomu lilirushwa kati ya waumini. Watu 3 walipoteza maisha na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Siku ile hakuna aliyeuliza nani aende hospitali na nani abaki. Na juzijuzi tu, Februari 24, 2024, jirani zetu wa Ngaramtoni, pale Kibaoni, lori lilikosa breki likayaparamia magari mengine, na watu 25 wakafariki. Siku kama hizo haziandikwi kwenye kalenda. Muuguzi wa mlangoni hapewi taarifa kwamba leo jioni upunguze wenye mafua kwa sababu kuna lori linakuja. Anakutwa na hali aliyonayo, na benchi aliyonayo.

Mbele yake kwenye benchi hiyo, siku yoyote ya kawaida, unaweza kumkuta mtu mzima aliyekuja kupimwa presha kwa sababu alikuwa anapita. Unamkuta kijana mwenye jino lililomuuma wiki tatu, akaamua Jumamosi usiku ndiyo siku. Unamkuta anayetafuta ED ya mapumziko ya kazini, hasa Jumatatu, na huyo ugonjwa wake wote tunaujua, tuliuona ukinunuliwa kwenye kreti jana yake. Unamkuta aliyeishiwa dawa za sukari tangu mwezi uliopita. Huyu wa mwisho tusimcheke, maana akiendelea hivyo ataletwa tena akiwa mwekundu.

Sasa tuwaguse ndugu zetu mnaoishi mbali, na tunaomba msituchukie kabla ya kuchanga. Safari nyingi za hospitali kubwa haziamuliwi Olasiti. Zinaamuliwa Mbagala, Kimara na ng'ambo. Koko anaumwa mgongo, mgongo uleule wa kuchuma kahawa miaka thelathini, anamwambia mtoto wake kwenye simu kwamba leo amelala vibaya. Mtoto yuko mbali, anajilaumu kwamba hajaja tangu Krismasi, anasikia sauti ya mama yake imekwaruza. Anasema: mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi, hela natuma. Hela inaingia kwenye simu baada ya dakika tatu, na ikishaingia nani atabaki nyumbani? Koko mwenyewe hataki kwenda. Anavishwa sweta, anapakiwa, anakwenda kukaa kwenye benchi la plastiki lenye kuumiza mgongo kuliko kitanda chake.

Tunajua hela ile ni upendo. Hatuukatai. Tunachoomba ni kwamba kabla hujasema hospitali kubwa, umuulize aliye karibu na mgonjwa: anapumuaje? Anakunywa na kinakaa tumboni? Ukimwita anajibu kama siku zote? Hali hii imeanza lini? Majibu yakiwa mazuri, tuma hela ileile, lakini iende kituo cha afya cha karibu kesho asubuhi, na inayobaki ibaki kwa koko.

Wapo watakaosema tunawalaumu watu bure, kwamba mtu haendi mbali kwa kupenda. Ni kweli, na tungekuwa wanafiki kulipita hilo. Zahanati nyingi za Serikali hufungua saa moja na nusu asubuhi na kufunga saa tisa na nusu alasiri. Homa ya mtoto haijui saa tisa na nusu. Mama anayefanya biashara sokoni anarudi saa kumi na mbili, ndipo anamkuta mtoto amechemka. Mlango uliowazi usiku ni ule wa mjini, anakwenda. Na kuna la ubora. Serikali ilipopima vituo vya afya ya msingi kwa nyota mwaka 2015/16, karibu theluthi moja havikupata hata nyota moja. Baadaye hali ilipanda sana, lakini sifa mbaya hudumu kuliko rangi ya ukuta. Huko Kasulu, mkoani Kigoma, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kwamba katika kila akina mama kumi waliojifungulia kituoni, zaidi ya wanne walikiruka kituo cha karibu na kwenda cha mbali, wakilipa nauli zaidi, kwa sababu waliamini kule watahudumiwa vizuri. Akina mama wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wanapiga hesabu.

Na hesabu hiyo itakuwa kubwa zaidi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mtu akiwa na kadi mfukoni hutaka kuitumia, na huitumia kwenye jengo refu kuliko yote. Watu nao wanaongezeka. Mashamba tuliyolima mahindi na maharage yamekuwa viwanja, nyumba zimejaa hadi mpakani, na uwanja wa AFCON ya 2027 uko kwa jirani zetu Olmoti. Hatuwezi kuendelea kutegemea gari moja la jirani mwema.

Kabla ya kuja kwenye michango, tuseme wazi nani aende usiku na nani asubiri asubuhi. Tumewauliza wauguzi na matabibu wetu, wazaliwa wa hapa, na maneno yafuatayo ni yao zaidi kuliko yetu.

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea na haamki vizuri, au anayehema mpaka mbavu zinaingia ndani: aende sasa hivi, msisubiri hela wala ruhusa ya mtu. Akiwa kwenye degedege mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, msimnyweshe chochote. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa naye aende, hata kama anaonekana mchangamfu. Mjamzito anayetoka damu, mwenye kichwa kinachogonga na macho kuona maluweluwe, au aliyevimba uso ghafla: aende. Mtu mzima mwenye maumivu ya kifua yanayobana na jasho jembamba: aende.

Mafua na kikohozi cha kawaida havina haja ya chumba cha dharura. Kuharisha kwa mtoto anayekunywa na kucheza kunaanzia nyumbani kwa maji ya ORS, na zinki kutoka kituoni. Kuungua kidogo kunahitaji maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Tunarudia, maji. Dawa ya meno ni ya meno, na yai ni la kula.

Na homa. Ndugu zetu, hapa kwetu kila homa tunaiita malaria, na tunataka sindano ya malaria. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto waliopimwa nchini walikutwa na malaria kwa kama asilimia 8, lakini kwa Mkoa wa Arusha ilikuwa chini ya asilimia 1. Mlima Meru unatupa baridi, na baridi hiyo mbu wa malaria haipendi. Kwa hiyo mtoto wa Olasiti ambaye hajasafiri akipata homa, mara nyingi ni kitu kingine: koo, masikio, mapafu, mkojo. Apimwe. Kama ametoka likizo kwa bibi Geita au Muheza, mwambieni mhudumu mapema, usingoje akuulize. Na tafadhali, nusu dozi ya vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa si tiba.

Sasa tunafika mahali panapotuumiza zaidi. Tulipoanza kulizungumza hili kwenye vikao, tulidhani tatizo ni watu wanaokwenda bure. Tukahesabu wenyewe, tukikumbuka misiba ya miaka mitatu, tukaona kinyume chake kimetuuma zaidi. Mjomba wa mmoja wetu aliamka mdomo umepinda na mkono wa kulia haushiki kikombe. Familia ikasema amepigwa na upepo. Akakandwa kwa maji moto siku tatu. Siku ya nne akapelekwa mjini, na daktari akasema ni kiharusi. Kwenye kiharusi cha mshipa kuziba, dawa ya kuyeyusha damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Sisi tulikuwa tumetumia siku tatu. Leo yuko hai, anatembea kwa fimbo, hasemi.

Nyumba ileile iliyomkanda mjomba siku tatu, mwaka uliofuata ilikodi gari usiku kwa ajili ya kwikwi. Ni watu walewale. Hawakuwa wazembe kwenye kiharusi na waoga kwenye kwikwi. Hawakuwa na mtu wa kuwaambia hiki ni kipi. Ndiyo maana kamati haitaki kuwaambia watu waache kwenda hospitali. Tukisema hivyo, atakayetii kwanza ni yule mzee mpole asiyependa kusumbua watu, na huyo ndiye tunayetaka aende.

Nchi nyingine zimelifikiria hili. Uingereza wana namba ya simu 111 kwa mtu ambaye hajui kama hali yake ni ya dharura, mbali na ile 999 ya kuita gari la wagonjwa. Sisi nasi Wizara ya Afya ina namba 199, haina malipo, unauliza na unajibiwa kwa Kiswahili. Ni wangapi humu tuliowahi kuipiga? Tulipouliza kwenye kikao cha kamati, mkono ulioinuka ulikuwa mmoja.

Namba ya pili iandikeni ukutani, karibu na swichi ya taa: 115. Huu ni mpango wa m-mama. Ulianzia Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 Serikali ikaanza kuusambaza nchi nzima. Ni kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye hali ya dharura. Ukipiga, mhudumu anakuuliza maswali, anatafuta gari la wagonjwa. Lisipopatikana karibu anampigia dereva wa kawaida aliyesajiliwa katika jamii, na dereva huyo analipwa na mpango. Mgonjwa halipi. Usiku ule wa pikapu ya mboga, mume yule hakuwa akijua namba yoyote ya kupiga zaidi ya ya shemeji yake.

Sasa michango. Tutasema ukweli kwamba tulibishana vikao vitatu. Nusu ya kamati ilitaka chama kinunue gari la wagonjwa. Picha yake ingependeza kwenye jalada la kijitabu hiki, tunakubali. Nusu nyingine ikauliza: dereva wa usiku analipwa na nani? Matairi? Bima? Vifaa vya ndani? Sote tumeshaona magari ya misaada yaliyosimamishwa juu ya mawe nyuma ya ofisi za watu, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mwishoni tukakubaliana tusinunue gari, tuyapange yaliyopo.

Kila mtaa utakuwa na madereva wawili wa zamu kwa usiku, wenye magari yao wenyewe, watakaopewa mafuta na posho ndogo kutoka mfuko wa chama. Namba zao zitabandikwa dukani, kanisani, msikitini na kwa mwenyekiti wa mtaa. Wawili wakiwa zamu, mmoja akitoka, wa pili haondoki nyumbani kwake. Hilo ni sharti, na dereva atakayelivunja atatolewa kwenye orodha. Tutawahimiza pia wasajiliwe kama madereva wa m-mama, ili mama anapopata shida gharama isirudi kwetu.

Kila mtaa utakuwa pia na watu wanne waliofundishwa huduma ya kwanza na kutambua dalili za hatari, wawili wanawake na wawili wanaume, ili saa nane usiku uwe na mlango wa kugonga kabla ya ule wa gari. Watakuwa na kipimajoto, mashine ya presha na kipimo cha sukari. Hawatatoa dawa. Hawatamzuia mtu yeyote kwenda hospitali. Wakisema subiri asubuhi na mama wa mtoto moyo wake ukikataa, gari litoke. Tumeliandika hivyo kwenye kanuni kwa sababu wapo akina mama waliokuwa sahihi wakati sisi sote tulikuwa tunasema ni mafua.

Kuhusu huduma ya usiku karibu na nyumbani, tusidanganyane: chama hakiwezi kuajiri muuguzi. Hilo ni la Halmashauri ya Jiji, na barua yetu tumeiandika. Tunachoweza ni kuondoa visingizio. Mhudumu wa usiku anahitaji taa isiyozimika, maji kwenye tanki, choo kinachofunga, na mahali pa kulala penye kitasa. Fungu la tatu la mchango wa mwaka huu ni la hivyo, na halitatumika mpaka tumekaa na Jiji na kukubaliana kwa maandishi kuhusu saa za kazi. Wakikataa, fungu litahamia kwenye zamu za magari, na tutawaambieni hivyo kwenye mkutano wa mwakani bila kupaka rangi.

Ndugu zetu bodaboda, tumewaacha mwisho lakini hamjasahauliwa. Nyie ndio mnaofika kwanza kwenye kila ajali ya barabara hii, na mara nyingi ndio mnaoumia. Mtu akianguka, msimvute kwa mkono mmoja na kumkalisha katikati ya watu wawili kichwa kikining'inia. Mwenye jeraha la ajali aende moja kwa moja hospitali, na mwenzenu mmoja aende polisi kufuatilia PF3. Mafunzo ya kwanza tumeyatengeneza kwa ajili yenu, na hamtalipa.

Mchanganuo wa fedha uko ukurasa wa mwisho, pamoja na hesabu za mwaka jana, na mwenye swali amuulize mweka hazina leo, siyo kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane. Fomu za ahadi ziko mezani kwa akina mama wa mapokezi. Mafunzo yataanza Jumamosi ya kwanza baada ya harambee, saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Kila atakayekuja aje na kanga au shuka kuukuu, maana tutaanza na kufunga jeraha linalovuja damu.